Tunahamia Dar na watoto watatu: Goba, Kigamboni, Kibaha au Tegeta?

"Habari. Tupo Mbeya, Januari tunahamia Dar es Salaam. Mume wangu amepata kazi Posta, katikati ya mji. Mimi nafanya hesabu za biashara za watu nikiwa nyumbani, kwa hiyo nitashinda na mdogo wetu wa mwaka mmoja na nusu. Mkubwa anaingia darasa la nne, wa kati ana miaka sita anaanza la kwanza, na huyo ana pumu. Gari hatuna. Kodi tunaweza laki nne kwa mwezi, tukijikaza laki tano. Shemeji anasema Goba ndiko familia zinakohamia, mama mkubwa anasema Kigamboni kuna hewa, rafiki anasema Kibaha nyumba ni rahisi, mwingine Tegeta. Dalali amenitumia picha za nyumba nzuri Goba, ina fensi na tailizi, anataka kodi ya miezi sita kabla hatujafika kwa sababu 'kuna mtu mwingine anaitaka'. Wengine wanasema tusipoteze kodi, tununue kiwanja tujenge. Nachotaka mimi ni mtaa salama kwa watoto. Nianzie wapi?"

Dada, pole na pilika za kuhama. Pesa ya dalali usitume bado, nitamrudia mwishoni. Unatafuta mahali ambapo watoto watalala vya kutosha, watasoma karibu, hawatakumbwa na maji wala vumbi, na baba yao atarudi nyumbani wakiwa bado macho. Hilo haliamuliwi na jina la eneo. Linaamuliwa na mambo ambayo hayaonekani kwenye picha.

Kwanza tuyaweke sawa haya majina. Goba si mtaa mmoja. Ni vilima na mabonde, na tangazo litaandika "Goba" kwa nyumba iliyo mgongoni mwa kilima hatua chache kutoka lami, na kwa nyumba iliyo chini bondeni ambako boda wenyewe hukataa kushuka mvua ikinyesha. Kigamboni ni hivyo hivyo: kuna sehemu zilizopimwa vizuri tangu ule mradi wa viwanja 20,000, kama Kibada na Gezaulole, na kuna sehemu ambazo kila mtu alijikatia kipande chake na njia ya gari ikasahauliwa. Mita mia tatu zinatosha kubadilisha kila kitu. Kwa hiyo ndugu zako wote wanaweza kuwa wakweli, na ushauri wao bado usikusaidie.

La pili ni umbali. Watu wa Dar hawahesabu kilomita, wanahesabu magari. Jiji hili lina barabara kuu nne zinazoingia mjini: Bagamoyo, Morogoro, Nyerere na Kilwa. Ukiishi popote, ukiacha Kigamboni yenye pantoni, lazima ufike kwenye mojawapo ya hizo, na asubuhi kila mtu anaelekea upande mmoja na wewe. Safari ya mumeo itakuwa na vipande vitatu: kutoka mlangoni hadi barabara kuu, barabara kuu yenyewe, kisha kutoka kituoni hadi ofisini. Watu huuliza kile cha katikati tu. Kinachokula pesa na uvumilivu ni cha kwanza. Dalali akikuambia "dakika tano kutoka lami", muulize dakika tano kwa miguu au kwa boda. Boda ikiwa 1,500 kwenda na 1,500 kurudi, kwa siku 22 za kazi ni 66,000. Nyumba ya laki nne iliyo ndani ndani imeshakuwa ya laki nne na sitini na sita, na hapo hujaenda sokoni wala hospitali.

Sasa nikueleze ninavyoshauri familia yenye watoto wadogo na isiyo na gari: chagua shule kwanza, nyumba itafuata shule. Wengi hufanya kinyume. Wanapanga nyumba nzuri, ndipo wanatafuta shule, na shule inakuwa mbali, kwa hiyo mtoto anawekwa kwenye basi la shule. Basi la shule linazunguka. Likiwa na vituo ishirini, na kila kituo kikila dakika tatu za kusimama, kupiga honi na kumsubiri mama anayemfunga mtoto viatu, hiyo ni saa nzima kabla hujahesabu foleni. Mtoto wa kituo cha kwanza anachukuliwa giza bado halijatoka, pengine saa kumi na moja alfajiri, ili wa kituo cha mwisho afike kwa wakati. Jioni mzunguko ukirudi kwa mpangilio uleule, huyo wa kwanza anaweza kuwa wa mwisho kushushwa. Mtoto wa miaka sita mwenye pumu hafai kuanza siku namna hiyo. Ikibidi basi litumike, usiulize nauli peke yake. Uliza mtoto wako atakuwa wa ngapi kuchukuliwa, wa ngapi kushushwa, na kama ndani kuna mtu mzima mwingine zaidi ya dereva.

Lengo lako liwe shule ambayo mkubwa anaweza kutembea na mdogo wake kwa dakika kumi na tano au ishirini bila kuvuka barabara kuu. Hili la kuvuka nalisisitiza. Barabara ya Morogoro kati ya Kimara na Kibaha imepanuliwa kuwa njia nane. Kwa dereva ni raha, kwa mtoto wa darasa la kwanza ni mto. Nyumba na shule viwe upande mmoja. Ukipata nyumba nzuri ng'ambo ya shule, iache, labda kama kivuko cha juu kiko njiani kabisa na watoto wa eneo hilo wanakitumia kweli, hawakatizi chini.

Shule za serikali kwa kawaida huanza kuandikisha darasa la kwanza mwezi wa kumi, kwa hiyo huyo wa kati asisubiri Januari. Mtu wenu aliyeko Dar aende shuleni na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Wa darasa la nne anahitaji uhamisho rasmi: mwalimu mkuu wa Mbeya aanzishe, na namba yake ya PREM, ile ya usajili wa mwanafunzi wa shule ya msingi, iende naye. Darasa la nne lina upimaji wa kitaifa mwishoni mwa mwaka, na mtoto akikaa miezi bila kupokelewa rasmi huku, usajili wake unaweza kuleta usumbufu. Kamilisheni mwanzoni kabisa mwa muhula.

Nije kwenye maji, maana ndiyo yanayowafukuza watu kwenye nyumba nzuri. Kuna maji ya bomba na maji ya mvua.

Ya bomba: usiulize kama "maji yapo". Kila nyumba ya Dar ina maji mdomoni mwa dalali. Uliza yanatoka siku gani na saa ngapi, kisha muulize jirani swali hilo hilo. Piga hesabu. Watu watano, mmoja wa nepi, mkitumia lita 80 kila mmoja mnahitaji lita 400 kwa siku. Tanki la lita 1,000 litawafikisha siku mbili na nusu. Kama maji ya DAWASA hutoka mara mbili kwa wiki, pengo ni siku tatu hadi nne, na hapo tanki la lita 2,000 ndilo la chini kabisa. Bila hivyo mtanunua maji ya boza au madumu kila wiki. Kwenye vilima vya Goba, Kimara na Mbezi presha huwa ndogo, na pengine maji hupanda usiku tu watu wa chini wakishalala, kwa hiyo tanki liwe chini, na pampu iyapandishe juu. Kama nyumba inategemea kisima, hasa karibu na bahari, osha mikono kwa sabuni kabla hujasaini chochote. Sabuni ikikataa kutoa povu, mara nyingi maji yana chumvi. Mtayaogea, lakini ya kunywa na kupikia mtanunua.

Ya mvua: tembelea nyumba ukiwa na macho ya masika, hata kama umekwenda kiangazi. Masika ya Dar ni Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba. Maji yakishaingia ndani, nyumba hupigwa rangi upya, lakini huwa haifichiki yote. Inama utazame ukuta wa nje karibu na ardhi: rangi iliyobanduka kwa mstari ulionyooka, wa kimo kimoja kuzunguka nyumba nzima, ni alama ya maji. Tazama mlangoni, kama kuna kizingiti cha saruji kilichoongezwa baadaye, cha kuruka kama unaingia bafuni. Tazama tailizi zilizopandishwa hadi kiunoni sebuleni bila sababu, soketi zilizohamishiwa juu, viroba vya mchanga nyuma ya geti, jirani aliyejaza kifusi uwanja wake hadi ukawa juu ya kwako. Viwili vya namna hiyo vikionekana pamoja, ondoka. Mito ya jiji hili, Msimbazi, Mbezi, Tegeta, Mpiji, kiangazi huonekana kama mifereji ya mchanga, na uchimbaji wa mchanga huzidi kuipanua, kwa hiyo nyumba iliyokuwa mbali na kingo miaka mitano iliyopita inaweza kuwa kingoni leo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na wengi wamejenga humo humo. Wewe usipange humo.

Uliza pia shimo la choo hunyonywa kila baada ya muda gani. Sehemu kubwa ya jiji haina bomba la majitaka. Ukiambiwa kila miezi mitatu, ama shimo ni dogo, ama ardhi imejaa maji na haifyonzi, na masika litatapika uani, mahali anapochezea mtoto wa mwaka mmoja na nusu.

Kuhusu usalama, fensi ndefu humtuliza mpangaji kuliko inavyomzuia mwizi, na akisharuka, ukuta uleule unamficha. Mimi ningetazama zaidi pagale. Maeneo yanayokua haraka, Goba na Madale ukiwemo ukanda huo wote, yana nyumba nyingi zilizoishia kwenye linta. Pagale tupu jirani yako ni maficho ya vibaka, na mara nyingi lina shimo la choo lililochimbwa likaachwa wazi. Kwa watoto wa miaka sita na tisa, hilo shimo ni hatari kubwa kuliko mwizi. Pita saa kumi na moja jioni uhesabu watoto wanaocheza nje. Wakiwa wengi na watu wazima wanawaona wakipita, mtaa una macho. Pita tena Jumamosi usiku usikilize kama grosari ya jirani inalala.

Sasa pumu ya mtoto. Hii inabadilisha orodha yako. Tegeta ina kiwanda cha saruji cha Wazo Hill, na barabara ya Bagamoyo kuelekea huko imekuwa na ujenzi wa njia ya mabasi ya mwendokasi. Si kila nyumba ya Tegeta ina vumbi. Pepo za kusi na kaskazi hulipeleka pande tofauti, ndiyo maana mtu mmoja atakuambia hakuna shida na mwingine atakuonyesha madirisha meupe. Lakini kwa mtoto huyu nisingeanzia huko. Kwa sababu hiyo hiyo epuka nyumba iliyo ukingoni mwa barabara ya vumbi yenye malori ya kokoto, jirani na mahali watu wanapochomea taka, au jirani na dampo la Pugu Kinyamwezi. Na ndani ya nyumba funua makabati, nusa kona za vyumba. Ukungu mweusi darini au nyuma ya kitanda ni sababu tosha ya kukataa, hata rangi ikiwa mpya. Kabla ya kuhama mpeleke kwa daktari wake Mbeya, apate maelezo ya maandishi na dawa ya kutosha, kwa sababu joto na unyevu wa Pwani ni hali nyingine kabisa na ile ya Mbeya, na hakuna anayeweza kutabiri kutoka mbali kifua chake kitapokeaje.

Kwa yote hayo, nikipima maeneo yenu manne:

Kibaha naiondoa kwa sasa. Ni mji mzuri, una hospitali ya Tumbi, lakini uko mkoa wa Pwani, na mtu wa Posta asiye na gari ataondoka watoto wamelala na kurudi wamelala. Goba inawafaa zaidi wenye gari. Bila gari mumeo ataunganisha, ama kushukia Mbezi kwenye barabara ya Morogoro, ama Tangi Bovu upande wa Bagamoyo, ama kupitia Makongo. Inawezekana tu mkipata nyumba ya kutembea hadi lami.

Kigamboni watu huiogopa kwa sababu ya bahari, lakini kwa mfanyakazi wa Posta ina mantiki. Pantoni inamshusha Kivukoni, na kutoka hapo ofisi nyingi za Posta ni mwendo wa miguu. Hewa ni safi kweli. Tatizo ni siku pantoni likiharibika au foleni ikizidi: njia kubwa inayobaki ni daraja la Nyerere, lililofunguliwa 2016, ambalo linazungukia Kurasini. Na saa nane za usiku mtoto akibanwa kifua, usitegemee pantoni. Ukienda Kigamboni, pima umbali wa nyumba hadi hospitali ya wilaya, upande huo huo wa maji, kabla ya kupima umbali hadi feri.

Eneo ambalo hukulitaja ndilo ningeanza nalo: ukanda wa Kimara hadi Mbezi, kilomita moja au pungufu kutoka barabara ya Morogoro, upande wenye shule mliyochagua. Mwendokasi inatoka Kimara mpaka Kivukoni bila kubadilisha gari. Hospitali ya wilaya ya Ubungo iko Kimara, na hospitali ya Mloganzila haiko mbali ukiwa Mbezi. Kasoro zake usizifiche kwa mumeo. Asubuhi mabasi hutoka Kimara yamejaa, na watu wa vituo vinavyofuata, kama Korogwe na Baruti, wengi hugeuza, yaani hupanda linalorudi Kimara ili wapate nafasi. Kwa hiyo nyumba ya karibu na Kimara Mwisho ina thamani kuliko ya vituo viwili mbele, ingawa kwenye ramani iko mbali zaidi na mjini. Mvua kubwa ikinyesha, bonde la Jangwani hujaa na safari hukatika. Huduma yenyewe imepanda na kushuka kwa miaka, hivyo muulize mtu anayeipanda wiki hii, usimuulize aliyeipanda mwaka juzi. Nyumba za ukanda huu ni za zamani kidogo, kwa laki tano hutapata tailizi za kwenye picha ya Goba. Pumu, yaani kufika hospitali usiku bila kufikiria pantoni, ndiyo iliyonifanya niuweke ukanda huu mbele ya Kigamboni. Mtoto angekuwa hana shida ya kifua, ningekuachia uchague.

Kiwanja, ndiyo, lakini si mwaka wa kwanza. Ngoja mpitie masika mbili mjue mnapenda wapi na maji yanapita wapi. Siku mkifika huko, karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa haikuthibitishii kwamba kiwanja kimepimwa, wala kwamba hakikupangwa kuwa barabara au eneo la wazi. Namba ya kiwanja na kitalu ziende ofisi ya ardhi ya manispaa zikafanyiwe upekuzi, na wakili asome mkataba kabla ya pesa kutoka. Hapo usijitegemee wala usitegemee ushauri wa kuandikiwa kama huu.

Sasa dalali. Miezi sita kwa laki tano ni milioni tatu, na juu yake ataomba kodi ya mwezi mmoja kama ujira wake, laki tano nyingine. Kumtumia mtu milioni tatu na nusu kwa picha ni kumkabidhi mtaji. Mumeo atangulie wiki mbili, afikie kwa ndugu. Siku moja ya kazi, na si Jumapili, atoke kwenye mtaa anaoufikiria saa kumi na mbili asubuhi hadi Posta, arudi jioni, aandike muda. Nyumba ikipita, aende kwa mwenyekiti wa mtaa na jina la mwenye nyumba, athibitishe kwamba ndiye. Aombe risiti ya mwisho ya LUKU na bili ya maji, aone kama kuna deni na kama mita ni yenu peke yenu au mnachangia na wapangaji wengine. Tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, sasa 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Ni deni la mwenye nyumba, kwa hiyo iandikwe kwenye mkataba kwamba itapunguzwa kwenye kodi yenu. Aombe miezi mitatu badala ya sita. Wengine hukubali, hasa nyumba ikiwa imekaa tupu.

Kwa leo mjibu dalali hivi: "Mume wangu anakuja kuiona, naomba namba ya mita ya LUKU na jina la mwenye nyumba." Akitoa vyote viwili, endelea kuzungumza naye. Akirudia tu kwamba kuna mtu mwingine anaitaka, mwache huyo mtu aichukue.